Nusu ya Chini ya Wimbi

Daiodi moja ya kioo imelala juu ya kitambaa cheusi, mezani kwa fundi redio wa hapa Kasoli, mkoani Simiyu. Urefu wake ni milimita saba hivi, na mstari uliochorwa upande mmoja ndio unaokuambia umeme unatokea wapi. Ukiishika kwa kibano na kuielekeza dirishani unauona uzi wa waya uliojikunja ndani yake, ncha yake imegusa kijipande cha jemaniamu cha rangi ya kijivu. Pale ncha inapogusa ndipo penye kazi yote. Umeme ukija kutoka upande huu unapita. Ukija kutoka upande ule unakuta pamefungwa. Imetolewa kwenye redio ya zamani ya transista ambayo ganda lake lilipasuka na mwenyewe hakuifuata tena. Fundi ana bati lililojaa vipande vya namna hii, maana katika kazi yake kuvunjika kwa koleo hakujawahi kuwa mwisho wa uhunzi. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, nami nakubaliana nao katika mambo mengi, lakini redio si mojawapo. Redio haivundi yote kwa pamoja. Hufa kwa swichi, hufa kwa spika iliyochanika, hufa kwa maji ya betri yaliyovujia ndani na kula waya, huku sehemu nyingine zote zikiwa nzima, zinasubiri.

Najenga pedali ya gitaa. Ni ile ya kale inayoichukua sauti safi ya waya, ikaikwaruza, kisha ikaipandisha oktavi moja juu ya ilipokuwa, na wapigaji wa Ulaya na Marekani waliitia kwenye sahani za santuri tangu miaka ya 1960. Nilihitaji daiodi mbili za jemaniamu zinazofanana na transfoma moja ndogo. Dukani Bariadi zipo taa, chaja, waya za simu na spika za Bluetooth. Vitu hivi viwili havipo, kwa sababu hakuna tena anayevihitaji. Vyote viwili vilikuwa ndani ya redio zilizokufa, na tangu siku ile fundi alipovitandaza mezani sijaacha kuvifikiria. Vimenifundisha jambo kuhusu sauti ambalo vitabu vya saketi vilinieleza bila kunigusa.

Fikiria daiodi hii ilikuwa ikifanya nini miaka yote ile. Kuanzia 1965, shirika la utangazaji la Tanganyika lilipovunjwa na kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya serikali, karibu kila sauti iliyofika nyumba za huku kutoka mbali ilipita kwenye kijipande cha namna hii. Wimbi la redio halina sauti ya mtu likiwa angani. Linapanda na kushuka mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na sauti ya msomaji wa habari imechorwa pembezoni mwake, juu na chini kwa kiasi kilekile, upande mmoja ukiwa kivuli kamili cha mwingine. Ukilipeleka hivyo hivyo kwenye spika, nusu ya juu itasukuma na nusu ya chini itavuta kwa nguvu ileile, na mwishowe spika haitatoa kitu. Sauti ipo, lakini imejifuta yenyewe. Kazi ya daiodi ni kuizuia nusu ya chini. Inabaki nusu ya juu peke yake, na humo ndimo anamotokeza mtu akisema: matangazo ya vifo, salamu za jamaa, maelekezo kwa wakulima wa pamba, hotuba za Mwalimu Nyerere, mpira wa Simba na Yanga, na gitaa la Mbaraka Mwinshehe likilia jioni. Kwa miongo kadhaa wakulima wa nyanda hizi waliisikia nchi yao kwa njia ya kutupa nusu ya wimbi. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa ile nusu iliyotupwa ilikuwa inasema yaleyale.

Kwenye pedali, daiodi ileile inapewa mwenzake na kazi yake inageuka. Hapa inabidi niieleze transfoma kwa utulivu, kwa sababu ndiyo roho ya jambo lenyewe. Redio nyingi za transista za zamani zilikuwa na transfoma mbili ndogo karibu na spika. Ile ya kwanza ina waya tatu upande wa kutokea: ncha mbili na katikati. Wimbi likiingia, ncha moja inapopanda nyingine inashuka, kwa kiasi kilekile na kwa wakati uleule. Redio ilikuwa ikizitumia ncha hizo kugawana kazi kati ya transista mbili. Moja ilibeba nusu ya juu ya wimbi, nyingine ikabeba nusu ya chini, zikipokezana bila kupumzika, kisha transfoma ya pili ikaziunganisha tena, kila nusu mahali pake, ili spika ipate wimbi zima lenye kupanda na kushuka. Mwenye pedali anaichukua transfoma ya kwanza na kuacha ya pili. Kila ncha anaipa daiodi yake, na daiodi zote mbili zinaelekea upande mmoja. Sasa nusu ya juu inapita kwa mlango wake, na nusu ya chini, ambayo kwenye ncha ya pili imekwisha kugeuzwa kichwa chini miguu juu, nayo inapita kwa mlango wake. Zinapokutana zote mbili ziko juu. Bonde limekuwa kilima. Palipokuwa na kilima kimoja na bonde moja kwa kila mzunguko, sasa kuna vilima viwili, na sikio likihesabu vilima linasema noti imepanda. Waya uliotetemeka mara 440 kwa sekunde unasikika kama waya wa mara 880.

Hakuna kilichoongezwa kutoka nje, na hilo ndilo linalonishika. Hakuna chombo cha pili kilichofichwa ndani ya kibati, hakuna mpigaji mwingine. Noti ya juu imetokana na ile ile nusu ya chini ambayo redio ilikuwa ikiifungia mlango.

Hapa Kasoli hakuna asiyejua habari ya kitu kinachohesabiwa kuwa mabaki. Pamba ikitoka shambani inapelekwa kiwandani kuchambuliwa, na nyuzi zinazopatikana, zile zinazofungwa marobota na kupelekwa duniani, huwa ni kama theluthi moja tu au zaidi kidogo ya uzito wote. Zilizobaki ni mbegu. Mtu wa mbali akisikia neno pamba anaziona nyuzi peke yake. Mtu wa huku anajua kwamba mbegu ndiyo mafuta ya kupikia, ndiyo mashudu ya ng'ombe, ndiyo shamba la mwakani. Ninapoitazama ile transfoma naiona ikiuliza swali hilo hilo ambalo kiwanda huliuliza kila msimu: katika hiki ulichokileta, ni nani aliyekuambia kwamba nusu hii si kitu?

Ukiisikia kwa mara ya kwanza, sauti yenyewe haikupi nafasi ya kufikiri hivyo. Inachoma. Juu ya freti ya 12, kwenye pikapu ya shingoni, kitufe cha toni kikiwa kimefungwa, noti inatoka ikiwa na noti nyingine mabegani mwake, kali, yenye ukungu pembezoni, na kadiri waya unavyopoa ile ya juu ndiyo inayotangulia kufifia au, kwa mapozi fulani ya kidole, ndiyo inayobaki. Chini kwenye waya nene haitaki kupanda vizuri. Inanguruma na kukatika. Ukigonga noti mbili kwa pamoja inakasirika, kwa sababu saketi haizikunji mbali mbali bali inakunja jumla yake, na humo mnazaliwa sauti za tatu na za nne ambazo hukuzipiga, nyingine hata hazimo kwenye ngazi ya muziki wako. Ni chombo cha noti moja moja. Kinamlazimisha mpigaji aseme jambo moja kwa wakati.

Na bado, oktavi yenyewe ni jambo la kale kuliko waya wowote. Nenda Jumapili kanisani, au ukae karibu na watu wakiimba wakitoka kulima kwa pamoja. Wanaume wanaimba mahali pao, wanawake na watoto wanaimba juu yao, na kila mmoja anaamini kwamba anaimba wimbo uleule kwa noti zilezile. Hakuna anayesema kwamba mtoto ameimba tofauti na baba yake. Umbali wote huo kati ya koo mbili, maradufu ya mitetemo, na sikio la binadamu linakubali kuuita ni kitu kimoja. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini tunakubali. Nadhani ni kwa sababu sauti ya juu tayari imo ndani ya sauti ya chini. Waya ukitetemeka mzima, unatetemeka pia nusu kwa nusu, na theluthi kwa theluthi, na kuendelea. Mpiga ndono huku Usukumani na Unyamwezini analijua hilo kwa kifua chake: ana upinde, waya mmoja na kibuyu, na kwa kukisogeza kibuyu karibu na kifua au mbali nacho anachagua ni sauti ipi kati ya zile zilizojificha ndani ya waya isikike sasa. Waya haubadiliki. Kinachobadilika ni kile anachokifungulia mlango.

Historia ya mkwaruzo huu huko ulikotengenezwa kwa biashara ilianza kwa hitilafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Marty Robbins akirekodi wimbo mjini Nashville, kifaa kimoja cha studio kiliharibika na besi ya Grady Martin ikatoka imechanika. Waliuacha wimbo hivyo, watu wakaupenda, na fundi mitambo Glenn Snoddy akatengeneza saketi ya kuuzalisha uharibifu ule kwa makusudi. Mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaanza kuiuza ndani ya kibati cha kukanyaga. Kabla yao, mpiga gitaa Link Wray alikuwa ametoboa matundu kwenye karatasi za spika zake. Kisha akaja Mwingereza Roger Mayer, aliyekuwa akichunguza sauti na mitetemo kwa ajili ya jeshi la majini la nchi yake, akatengeneza kibati alichokiita Octavia na kumpa Jimi Hendrix, na mwanzoni mwa 1967 sauti hiyo ikaingia kwenye solo ya Purple Haze. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Tycobrahe ya California ikatoa nakala yake, yenye transfoma na daiodi mbili za jemaniamu, na ni ramani ya saketi hiyo ninayoifuata. Wanaoipenda duniani wanalipa fedha nyingi kwa vibati vya asili. Nafurahi kwamba sehemu zake za moyoni zinapatikana kwenye bati la fundi wa Simiyu.

Lakini siamini kwamba mkwaruzo ulizaliwa Nashville. Huko ndiko ulikosamehewa kwa mara ya kwanza na watu waliokuwa wamejifunza kuuogopa. Huku kwetu haukuhitaji msamaha. Mafundi wa ala Ugogoni wanatoboa tundu kwenye ubao wa ilimba na kulifunika kwa utando wa buibui, ule mweupe wa kutunzia mayai, ili kila ulimi wa chuma unapochezwa utando nao utetemeke na kuitia sauti mvumo mkavu unaoganda masikioni. Hukwe Zawose, aliyeipeleka ilimba mbali kuliko mtu yeyote na kufundisha wengine Bagamoyo hadi kifo chake mwaka 2003, alipiga ala zenye ndimi ambazo kidole hakizigusi kabisa. Kazi ya ndimi hizo ni kuitikia nyingine zinapotetemeka. Zimbabwe wanafunga makombe na vifuniko vya chupa kwenye mbira. Fundi wa ilimba akiletewa ala isiyovuma hataisifu kwa usafi wake. Atasema haijamalizika.

Ukilitazama jambo kutoka upande huo, gitaa safi la umeme ndilo lililokuja likiwa limepungukiwa. Nalifikiria kundi la Konono No. 1 la Kinshasa, likembe zao zimefungiwa vikuza sauti vilivyotengenezwa kwa sumaku za vipuri vya magari, zikipita kwenye vipaza sauti vya matangazo. Mwanzilishi wao, Mawangu Mingiedi, alitaka tu asikike katikati ya kelele za jiji. Vifaa vikazidiwa, sauti ikachanika, nao wakaichukua hiyo sauti iliyochanika na kuijengea muziki, mpaka albamu ya Congotronics ilipotoka mwaka 2004 na wasikilizaji wa Ulaya wakadhani wamesikia jambo jipya kabisa. Wazee wetu walitahadharisha kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Ni tahadhari ya kweli kwa ngozi ya ng'ombe. Lakini kuna mpaka mwembamba kabla ya kupasuka, pale ngozi inapokuwa imevutwa karibu na moto hadi mwisho wake, na kila mpiga ngoma wa kweli anaishi juu ya mpaka huo. Fazi, yaani mkwaruzo huu wa gitaa, ni kukaa juu ya mpaka huo bila kushuka.

Hapo nafika kwenye jambo linalonisumbua. Ikiwa mkwaruzo ni wetu kiasi hicho, mbona magitaa ya dansi letu la zamani yalikuwa safi? Western Jazz, NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Jamhuri Jazz: kote huko waya zinang'aa. Jirani zetu wa Zambia katika miaka hiyohiyo ya 1970 walizama kwenye fazi hadi shingoni, WITCH, Amanaz, Paul Ngozi na kundi lake. Zipo sababu za kisiasa ambazo watu hupenda kuzitaja. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, na bendi zilijua ni upande gani wa utamaduni unaotarajiwa kwao. Lakini naona sababu kubwa zaidi imo ndani ya muziki wenyewe. Dansi ni mazungumzo ya magitaa. Solo anasema, solo wa pili anamdakia, rizimu anashikilia, besi anatembea chini yao, na kila mmoja anaweka noti zake katika mapengo ya mwenzake. Ukimtia mmoja wao fazi anajaza mapengo yote. Usafi wa gitaa la Mbaraka haukuwa woga wala uigaji. Ulikuwa adabu ya mtu anayewaachia wengine nafasi ya kuongea. Nimeisikiliza sana adabu hiyo na ninaiheshimu. Ndiyo maana sitaki pedali hii iwe ya kukanyagwa tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Nataka iwe ya ule wakati ambapo wengine wamenyamaza na mmoja amebaki peke yake uwanjani.

Kwa hiyo mabadiliko ninayoyafanya kwenye ramani ya zamani yanaanzia hapo. Kwanza ni swichi ndogo inayokata daiodi moja. Daiodi zote mbili zikiwa kazini, bonde linakuwa kilima na noti inapanda. Moja ikikatwa, saketi inarudi kufanya kile ambacho redio ilikuwa ikifanya: nusu ya chini inazuiwa, nusu ya juu inapita, na noti inabaki pale pale mpigaji alipoigonga, ikiwa na mikwaruzo yake lakini bila mwenzake wa juu. Kwa kidole kimoja mtu anahama kutoka kutupa hadi kugeuza. Sijapata kuona swichi inayonipendeza kuliko hii. Pili ni kinopu kidogo ndani ya kibati cha kusawazisha nusu mbili. Zikilingana kabisa, noti ya asili inatoweka na kubaki ile ya juu peke yake, safi na ya kibaridi kidogo. Zikipishana kidogo, ile ya chini inachungulia, na mimi nakaza kinopu mahali ambapo zote mbili zinasikika, mzee na mtoto katika wimbo mmoja.

Jemaniamu lenyewe lina tabia zake na huku kwetu zinaonekana zaidi. Ubora wake ni kwamba linafunguka mapema. Volti 0.2 au 0.3 zinatosha kupita, ambapo silikoni inadai 0.6 na zaidi, na ndiyo maana lilipendwa kwenye redio, kwa ajili ya vituo vya mbali vinavyofika vimechoka. Kwenye pedali ubora huohuo unaokoa mkia wa noti. Tia silikoni na noti inakatika ghafla pale inapodhoofu. Tia jemaniamu na inaendelea kuimba hadi karibu na mwisho wake. Lakini ni dutu isiyopenda joto. Katika transista za jemaniamu, kila nyuzi 10 za joto zinazopanda, mvujo wa umeme huongezeka karibu maradufu, na chombo kilichokuwa kikiimba asubuhi kinaweza kukoroma saa nane mchana chini ya bati la Bariadi mwezi wa tisa, wakati mashamba ni matupu na upepo unabeba vumbi tu. Nimechagua njia ya kati: transista za silikoni kwa kukuza, daiodi za jemaniamu kwa kukunja. Wapo watakaosema kwamba huo si uaminifu kwa mtindo wa zamani. Uaminifu wangu ni kwa mtu atakayeipiga juani.

Na kuna betri. Kila aliyekulia kijijini anazijua betri zilizopangwa juu ya bati au jiwe, zimeanikwa juani ili zitoe tena taarifa ya habari moja, au nusu ya mechi. Betri iliyochoka haiifanyi pedali inyamaze. Volti zinaposhuka, transista zinakosa nafasi ya kupanda, sauti inabanwa, noti ndogo zinamezwa na kubwa zinatoka zikiwa zimechanika vipande. Wapigaji wa ng'ambo wanatafuta hali hiyo kwa bidii, wanajenga vifaa maalumu vya kuinyima pedali umeme. Mzee yule aliyeanika betri zake hakuwa akitafuta sauti yoyote. Alikuwa akitafuta habari. Lakini redio yake, katika dakika zake za mwisho kabla ya kukatika, ilikuwa tayari ikiimba kwa namna hiyo, na watoto waliolala karibu nayo waliisikia. Ninaamini masikio yetu yana kumbukumbu hizo: sauti ya mbali, iliyokwaruzwa na umbali, iliyochoka, na bado inapendwa kwa sababu imefika.

Pengine hiki ndicho kinachonirudisha kwenye meza ya fundi kila mara. Redio ilikuwa sikio. Ilimfanya mkulima wa Kasoli asikie Dar es Salaam, London na Johannesburg, na sauti za Ujerumani na za Uchina na za kila mtu aliyekuwa na mnara mrefu, na hakuna hata siku moja iliyomfanya yeye asikike huko. Hilo halikuwa kosa la chombo. Kilitengenezwa kwa kusikiliza. Sasa nimechukua viungo vyake vya ndani kabisa, daiodi iliyokuwa ikizitoa sauti za wengine hewani na transfoma iliyokuwa ikizigawanya, nimevipanga upya, na kinachoingia upande huu ni kidole cha mtu wa hapa. Hakuna kiungo kilichobadilika. Kioo ni kilekile, jemaniamu ni lilelile. Kilichogeuka ni mwelekeo wa mazungumzo. Simu za mkononi zinafanya hivyo pia, najua, na kijana mwenye simu anaweza kujirekodi na kuirusha sauti yake kokote. Lakini simu anaipokea imefungwa. Hawezi kuifungua akaiambia iimbe vibaya kwa namna anayoitaka. Kibati hiki ana uwezo wa kukifungua kwa bisibisi, akaona kila kitu, akang'oa kimoja na kutia kingine, na kabla risasi haijapoa akasikia alichofanya. Elimu ya namna hiyo haipaswi kuachiwa wakusanyaji wa vitu vya kale wa miji tajiri.

Kijana mpiga gitaa anayeisubiri pedali hii hapigi kwenye bendi ya hoteli. Baada ya mavuno, vikundi vya ngoma vinaposhindana, Bagika upande huu na Bagalu upande ule kama walivyofanya tangu enzi za waasisi wao, Ngika na Gumha, mshindi ni yule anayelivuta kundi kubwa zaidi la watu, na siku hizi kuvuta watu ni pamoja na vipaza sauti vya honi vilivyofungwa juu ya mti au paa la gari. Honi hizo haziwezi besi. Chini ya mitetemo 300 hivi kwa sekunde hazitoi chochote cha maana, na nyuzi tano kati ya sita za gitaa zikipigwa bila kubanwa ziko chini ya hapo. Ile nene kabisa inaanzia 82. Ndipo nilipotambua kwamba kibati kilichobuniwa kwa ajili ya kumbi za London kina kazi halisi zaidi huku. Kinaichukua noti ambayo honi ingeimeza na kuikunja hadi inapofika mahali ambapo honi ina nguvu. Kwa hiyo nimeamua kapasita ya kuingilia isiwe ile kubwa iliyoandikwa kwenye ramani ya California. Naweka ndogo, ili ngurumo ya chini isiisumbue saketi bure, na naongeza sauti ya kutokea kuliko ilivyozoeleka, kwa sababu kati ya pedali na ampilifaya ya gari kutakuwa na waya mrefu usio na kinga nzuri. Kijana ameomba pia kinopu cha sauti kiwe kikubwa, cha kuzungushwa kwa kidole cha mguu kisicho na kiatu. Hilo bado tunalitafutia kifuniko. Fundi anasema kile cha redio, kile cha kutafutia stesheni, kitatosha.